Karamu Iliyokula Materniti Yetu

Jumatano, Kabambare. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na mpaka sasa, saa kumi za mchana, haijakata. Nimechemsha makasi na nyuzi, nimesukuma maji nje mara tatu, nimekunja vitambaa vyote vilivyokuwa vya kukunjwa. Sina tena kazi ya kunisahaulisha.

Basi naandika.

Kaka yangu amenisaliti. Nimeyaandika maneno hayo kwanza ili nione kama mkono utakataa. Haukukataa.

Kaye hii, daftari ninaloandikia, alininunulia yeye, Donati, kaka mkubwa ninayemwita yaya, siku niliyomaliza masomo ya kuzalisha akina mama kwa masista. Kalamu pia. Baba alipokufa, Donati alikuwa karani mdogo kule Kasongo, mshahara wake haukutosha hata suruali ya pili, lakini alilipa nauli yangu, akalipa sare yangu, akawaambia wajomba waliotaka kunioza, “Mudogo wangu atasoma kwanza.” Kila mtoto aliyetoka salama mikononi mwangu, nusu ya shukrani nilikuwa nampa yeye moyoni. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mtu mwingine, ningekasirika nikala nikalala.

Nieleze kwa utaratibu, nisije nikasoma haya nikiwa mzee nikadhani nilikuwa nimerogwa.

Hapa Kabambare sina nyumba ya kuzalishia. Nina pembe moja ya dispanseri, nimeitenga kwa shuka. Upande huu mama anasukuma, upande ule mzee mwenye kidonda anakohoa, anaona vivuli na kusikia kila kitu. Mtoto akikwama tumboni, mama anapandishwa tipoyi, ile machela ya mabegani, wanaume wanne wanambeba kwenda Kasongo. Ni siku kadhaa za njia. Wako wanaofika. Wako wanaorudishwa wakiwa wamefunikwa.

Masika yaliyopita Donati alikuja kututembelea, amevaa koti, amepanda kamyo, lori la pamba. Akanieleza kwamba mabibi wa kizungu wa Kasongo wameunda komite ya kusaidia akina mama, na mkubwa wao, mke wa meneja wa kampuni ya pamba, amemchagua yeye kuwa mwandishi. Watafanya karamu kubwa. Wazungu watatoka Kindu na kwingineko, kila mmoja atanunua tikiti, na fedha yote itajenga materniti ya Kabambare. Vyumba vinne, mabati juu, sementi chini.

Nililia mbele yake. Sikuona haya.

“Ila nitataka mutu mumoja,” akasema. “Wazungu wakisikia tu, wanasahau. Inafaa waone. Leta mama mumoja mwenye shida, asimame pale, aseme kwa kinywa chake.”

Nilimjua wa kumleta kabla hajamaliza kusema. Mama Sangwa. Ni jirani yangu, analima mpunga kule bondeni, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwenye tipoyi. Wa pili alikufa kwenye kivuko cha Luama, mto umejaa, mtumbwi uko ng’ambo, sisi tunaita tu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika kichwa.

Mama Sangwa alikataa siku tatu.

“Watoto wangu haiko hadithi ya watu kusikiliza wakikula,” aliniambia.

Mimi ndiye niliyemshinda. Hili lazima liandikwe. Si Donati aliyekwenda nyumbani kwake jioni kwa jioni, ni mimi. Nilimwambia, “Mama, ukisimama pale mara moja, hakuna mwingine atakayelia pale kivukoni.” Nikaapa kwa jina la marehemu baba. Siku ya nne akachukua jembe lake, akaliweka ndani, akasema, “Tutaondoka lini?”

Na wanawake wengine walipopata habari, hawakutaka twende karamuni mikono mitupu, na kinywa cha mtu mmoja tu. Wakaleta kuku. Wakaleta mchele uliotwangwa vizuri, karanga, chupa za mawese, bata wawili. Sikuwaomba. Mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka dogo karibu na soko alileta kilo nzima ya chumvi na kusema hata binti yake atazaa siku moja. Dereva wa kamyo alicheka: vikapu vya kuku vilikuwa vingi kuliko abiria.

Tulifika Kasongo Jumamosi. Karamu ilikuwa Jumapili, baada ya misa, adhuhuri.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Chini ya miti mbele ya klabu ya wazungu walikuwa wametandika meza ndefu kwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, kila mgeni na glasi tatu mbele yake. Barafu ilikuwa imeletwa na treni ndani ya unga wa mbao. Nyama ilitoka mbali, samaki wametoka ziwani, mvinyo umetoka ng’ambo ya bahari. Wapiga muziki waliletwa kutoka Kindu, suti zao zinafanana. Maua yalikuwa juu ya meza, chini ya meza, mpaka kwenye mlango wa choo.

Sisi watu weusi tuliwekewa meza barazani, upande wa jiko. Makarani, walimu, wake zao. Isipokuwa Donati. Donati alikaa kwenye meza ya komite, mwisho kabisa, kiti chake kimesogea kidogo pembeni, lakini alikaa. Nilimwona anajaribu kuangalia ni uma upi wenzake wanashika kwanza. Nikamwonea fahari. Naandika ukweli: nikamwonea fahari sana.

Na nilikula. Hilo pia liandikwe. Nilikula nyama ile laini, nilikula kitu baridi cha maziwa kilichoyeyuka ulimini, nikaomba tena. Muziki ulipoanza mguu wangu ulicheza chini ya meza. Madamu mkubwa, yule mke wa meneja, alipopita akaniwekea mkono begani akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye mzalishaji wetu mdogo, nilikaa wima kama mtoto aliyesifiwa darasani. Mama Sangwa alikuwa kando yangu. Hakugusa sahani.

Kisha akaitwa.

Donati alikuwa amemwambia asubuhi azungumze Kibangubangu, si Kiswahili. Nilidhani ni kwa sababu ndiyo lugha ya mama yake, maneno yatamtoka bila taabu. Sikukumbuka kwamba wazungu wa Kasongo karibu wote wanasikia Kiswahili.

Mama Sangwa alisimama mbele ya meza zile. Alisema machache. Alisema watoto wake wawili wamekufa njiani, akasema jina la mto, akasema anataka wanawake wazalie karibu na kwao. Kwa muda ambao mtu anakunywa glasi ya maji, alikuwa amemaliza.

Donati akatafsiri kwa Kifaransa, na tafsiri ikachukua muda mrefu mara tano.

Kifaransa changu ni cha masista, si kikubwa, lakini kinatosha. Watoto wakawa watatu. Mume, ambaye alibaki nyumbani analinda mpunga usiliwe na ndege, akawa amemfukuza. Mama Sangwa mwenyewe akawa mtu aliyepoteza akili kwa miezi mingi, anazurura porini akiita majina, mpaka mabibi wema wa komite walipomwokota. Mabibi wa komite hawakuwahi kumwona kabla ya siku ile.

Mwanamke mmoja wa kizungu akatoa kitambaa akajifuta macho. Mwingine pia. Wanaume wakakohoa. Kisha wote wakapiga makofi, muda mrefu, na mmoja akaja na kipande cha keki kwenye sahani akampa Mama Sangwa mkononi.

Aliporudi barazani aliniuliza, sahani bado iko mkononi, “Wanapigia nini makofi?”

Nilisema muziki unaanza tena.

Nilijiambia kwamba uongo wa Donati ulikuwa wa kazi. Kama unavyomwambia mama “bado kidogo tu” na wewe unajua bado sana. Nilijiambia mabati ni mabati, hata yakiletwa na uongo. Nililala na hilo nikalala vizuri.

Jumatatu asubuhi nikaenda nyumbani kwa Donati kumuaga. Mke wake alikuwa uani, na uani kulikuwa na kuku. Vikapu vyetu vilikuwa vimeegemea ukuta, nikavijua, vimesukwa hapa. Shemeji akacheka, akasema Madamu aliwaona wana ngozi ngumu, hawafai kwa wageni, akamwambia Donati awachukue. Mchele pia ulikuwa ndani. Na chumvi.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka biro, ofisini kwake.

Donati alikuwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. “Uliona, mudogo wangu? Uliona administrata muzima, mukubwa wa wilaya, ananishika mukono mbele ya watu wote?”

Nikamuuliza mafundi wa kujenga watakuja lini.

Uso wake haukubadilika mara moja. Ulishuka polepole. Akafunga mlango wa biro, akavuta karatasi kutoka kwenye sanduku la meza, akaniwekea mbele. Hesabu ya karamu. Mvinyo. Barafu. Nyama na samaki na gharama ya treni. Wapiga muziki, usafiri wao, malazi yao. Kuchapisha tikiti kwa herufi za dhahabu. Maua. Kukodi glasi. Zawadi ndogo kwa kila bibi aliyehudhuria, chupa ya manukato. Ukitoa vyote hivyo kwenye fedha ya tikiti, kilichobaki chini kabisa ya karatasi kilitosha kununua mablanketi na kibao cha mbao chenye jina la komite.

“Kibao cha nini?” niliuliza.

“Cha kusimamisha pale ambapo materniti itajengwa.”

Nikadhani labda wazungu walimdanganya naye. Nilitaka sana iwe hivyo. Nikaomba nishike karatasi, nikaisoma tangu juu, na juu kulikuwa na tarehe, imepigwa na mashine ile ile iliyokuwa mezani pale, mashine ya Donati. Ilikuwa tarehe ya kabla ya masika. Ile haikuwa hesabu ya yaliyotumika. Ilikuwa hesabu ya yale yatakayotumika.

“Yaya, karatasi hii uliandika kabla ya wewe kuja kwetu Kabambare?”

Akavua miwani.

“Ulipokuja kwetu ukala bugali wangu, ulijua hakuna nyumba?”

“Veroni, sikia. Karamu ya kwanza ni ya kufahamiana. Ndivyo mambo ya wazungu yanavyokwenda, wanaanza kwa kupendezwa. Mwaka kesho watatoa zaidi.”

“Ulijua?”

“Nilijua,” akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mtoto anayeomba, “Lakini walinikalisha kwenye meza. Unajua miaka mingapi naingia klabu ile kwa mulango wa jiko?”

Nilimwelewa. Mungu anisamehe, nilimwelewa kabisa, kwa sababu mimi pia nilikaa wima nilipowekewa mkono begani. Anataka ile karata ya sifa, kadi ambayo Leta, serikali ya wazungu, inawapa watu weusi wachache, ili watoto wake wasome shule nzuri, ili akilala mgonjwa asilazwe chini. Si mtu mwovu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwovu.

Lakini alichukua watoto wa Mama Sangwa, akawageuza kuwa kiti cha kukalia. Na mimi nilikiburuta kiti hicho kutoka Kabambare mpaka mezani.

Kabla sijatoka alinipa vitu viwili. Mablanketi, yamefungwa kwa kamba. Na barua ya Kifaransa, imekwisha kupigwa mashine, yenye nafasi tupu chini. Wanawake wa Kabambare wanawashukuru mabibi wa komite kwa wema wao usiopimika. Nafasi ile tupu ni ya vidole gumba. Barua itasomwa kwenye mkutano, kisha itatumwa Ubelgiji, na jina la mwandishi wa komite litakuwa juu yake.

“Uwaambie nyumba iko njiani,” alisema. “Haiko uongo. Ni kuchelewa tu. Nifanyie hili moja, mudogo wangu. Sijakuombaka kitu changu mwenyewe.”

Ni kweli. Kitu chake mwenyewe hajawahi kuniomba.

Jana tulirudi na kamyo, mimi na Mama Sangwa juu ya magunia. Njia nzima niliangalia mablanketi. Tulipofika kivukoni Luama, dereva akashuka kuita watu wa pantoni, na sisi tukabaki peke yetu, mahali pale pale. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote: karatasi, tarehe, kuku. Nikamwambia pia kile Donati alichosema kwa Kifaransa, na kwamba nilisikia, na kwamba alipouliza wanapigia nini makofi nilijua.

Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Aliniuliza kitu kimoja tu. “Alisema nimefukuzwa na bwana?”

“Ndiyo, mama.”

“Na wewe ukaendelea kukula.”

“Ndiyo.”

Akageuza uso upande wa maji.

Leo asubuhi niliita wanawake. Walikuja na mvua, majani ya migomba vichwani, wakajibana kwenye baraza ya dispanseri. Wengi walikuwa wanatabasamu. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni akaniuliza kama mafundi watahitaji wanawake wa kuchota maji, yeye yuko tayari.

Nilikuwa nimepanga maneno usiku mzima na yote yalinipotea. Nikasema tu: “Nyumba hakuna. Walikula fedha ile siku ile ile, na mimi nilikula pamoja nao.”

Kisha nikawasomea barua ya Donati, sentensi kwa sentensi, nikiigeuza kwa Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza. Nilipofika kwenye “wema usiopimika” mmoja akacheka, kicheko kibaya, na wengine wakafuata, kisha wakaacha wote pamoja. Yule mwenye duka aliuliza kuhusu chumvi yake. Nikamwambia iko kwa kaka yangu. Akasema, “Basi mimi sina kidole cha kuweka hapo,” akajifunika kanga akaondoka. Wengine watatu wakamfuata. Mama mmoja mzee aliniambia wazi kwamba binti yake hatazalia kwangu tena. Niliitikia.

Mama Sangwa alikuwa amekaa ngazini, hajaniangalia tangu alipofika. Sasa akasimama.

“Uko na karatasi tupu?” akauliza.

Nikasema ninayo.

“Leta. Andika Kiswahili. Wanasikia Kiswahili vizuri, hatutaki tena mutafsiri.”

Akaanza kusema nami nikaandika, nimepiga magoti kwenye baraza, karatasi juu ya kiti. “Andika: Mimi ni Sangwa. Watoto wangu waliokufa ni wawili, haiko watatu. Mukubwa alikuwa musichana. Bwana wangu hakunifukuza, tuko naye. Akili yangu iko sawa.” Akaonyesha kwa kidole mzigo uliofungwa kwa kamba. “Andika: Mablanketi tumepokea. Ni bei ya kuku wetu, si zawadi.”

Kisha akawageukia wenzake. “Nani mwingine?”

Kisha mmoja akasema jina la dada yake aliyefia njiani. Nikaandika. Mwingine akasema jina la mke mwenziwe. Mwingine jina la mama yake. Walikuwa wanasema taratibu, wakiningoja nimalize kila herufi. Karatasi ikajaa upande mmoja, nikageuza. Sikujua ni wengi namna ile. Mimi ndiye mzalishaji wao, na sikujua.

Hakuna aliyeshukuru popote katika barua ile. Waliweka vidole gumba, mmoja mmoja, na mwisho Mama Sangwa akanisukumia karatasi.

“Na wewe.”

“Mimi najua kuandika jina,” nikasema kipumbavu.

“Basi andika.”

Nimeandika jina langu kamili, na jina la baba yetu, ambalo pia ni la Donati. Barua inakwenda kwa Madamu mkubwa, na nyingine kama hiyo inakwenda kwa administrata. Nimeinakili kwa mkono wangu mchana huu. Ile ya Kifaransa nimeirudisha kwenye bahasha pamoja nazo, nafasi yake ikiwa tupu vile vile.

Najua kitakachofuata. Karata ya sifa Donati hataipata sasa. Watamwondoa kwenye komite, pengine kwenye biro, na watoto wake watatu hawana kosa. Mimi pia wanaweza kuniita Kasongo na kunivua sare. Nimeliwaza hilo tangu saa sita. Nimewaza pia wale wazungu waliofuta macho. Labda mmoja wao alinunua tikiti kwa moyo safi, na mpaka leo anaamini amejenga ukuta mmoja wa nyumba yetu. Nataka huyo naye aisome.

Nimejaribu kumwandikia Donati mwenyewe, mbali na hizo. Nimeanza “Yaya mpenzi” mara nne, nikachana mara nne. Mwishowe nimeandika mstari mmoja: kwamba nimewaambia kweli, na kwamba hilo ndilo alilonisomeshea, hata kama hakujua.

Mama Sangwa alibaki baada ya wengine kuondoka. Hakunisamehe, wala sikumwomba. Alichukua blanketi moja, akalikunjua, akalitazama kwenye mwanga, kisha akalitundika pale kwenye pembe yangu, nyuma ya shuka, ili yule mzee mwenye kidonda asione tena. Akaenda zake shambani na mvua.

Dereva anaondoka kesho mapema. Nitampa bahasha mkononi mwake mwenyewe, nisimtume mtu.

Je, nikimwona Donati tena, nitamwita nani?